Kutoka volkano hadi baharini bila kusikia lori: mwongozo wa siku tatu za baiskeli, Girona

Kama ulijifunza baiskeli kwenye barabara zetu, una sikio la tatu. Macho yako mbele, lakini sikio liko nyuma linapima: hiyo ni bodaboda, ni daladala, au ni Fuso? Honi ikilia unateremka mwenyewe ukingoni, kwenye mchanga na vipande vya chupa, kabla hata hujafikiri. Mimi nilikulia Muheza na sikio hilo, na sikujua kwamba linachosha mpaka siku nilipoendesha zaidi ya kilomita hamsini kaskazini mashariki mwa Uhispania. Jioni nilipopumzika nikagundua mabega yangu hayaumi. Muda mrefu hayakuwa yamenyanyuka.

Mwongozo huu ni wa njia hiyo, katika mkoa wa Girona, Katalonia. Unaanzia Olot, mji uliozungukwa na volkano zilizolala, unashuka hadi mji wa Girona, kisha unafika baharini Sant Feliu de Guíxols. Siku ya tatu inazunguka mashamba na vijiji vya mawe vya Baix Empordà. Nimewaandikia Waswahili wenzangu walioko Ulaya, ambao wanaweza kufika Barcelona kwa siku chache, na pia anayepanga safari kutoka nyumbani. Huhitaji kuwa mwanariadha. Nimeipita na mtu wa miaka sitini na mtoto wa kumi na mmoja, wote wakafika.

Hatua ya 1: Ielewe njia kabla ya kuipanda

Njia ya siku mbili za kwanza ilikuwa reli. Wakatalani wanaiita carrilet, yaani kareli kadogo, maana upana kati ya vyuma viwili ulikuwa sentimita 75 tu, mdogo kuliko reli yetu ya kati ya zamani yenye upana wa mita moja. Tawi la Girona hadi Sant Feliu lilifunguliwa mwaka 1892, likibeba abiria na bidhaa za viwanda vya vizibo kwenda bandarini. Tawi la Olot lilijengwa kipande kwa kipande, likafika Olot mwaka 1911. Malori na mabasi yakaishinda treni, na mwaka 1969 matawi yote mawili yakafungwa. Baadaye vyuma vilipokwisha kuondolewa, tuta la reli likashindiliwa na kuwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu. Uhispania ina mpango maalumu wa kufufua reli zilizokufa namna hii tangu mwaka 1993. Njia hizo huitwa njia za kijani, na kibao utakachokiona huku kimeandikwa "Via Verda".

Historia hii ina faida moja kubwa kwa miguu yako. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo wajenzi walikata vilima, wakajaza mabonde, wakazungusha njia taratibu. Mwinuko wote ni wa polepole. Mwendesha baiskeli wa leo anafaidi jasho la vibarua wa zaidi ya miaka mia iliyopita.

Chini utakanyaga udongo wenye changarawe laini inayotokana na mwamba wa granite. Rangi yake ni ya manjano iliyoiva, na inashindiliwa vizuri. Anayejua barabara ya moramu iliyotoka kuchongwa na greda, kabla ya mvua ya kwanza, ameshaijua. Tofauti ni kwamba hapa hakuna gari la kuichimbua.

Niseme ukweli kuhusu neno "bila magari." Njia inakatiza barabara za lami mara nyingi, inapita mitaani ndani ya baadhi ya miji, na vipande vingine unagawana na wakulima, hivyo trekta au gari la mwenye shamba linaweza kutokea, likienda polepole. Siku ya tatu ina kipande chenye magari ya kweli, na nitakionyesha.

Hatua ya 2: Chagua mwezi, halafu chagua saa

Aprili hadi katikati ya Juni, na Septemba hadi Oktoba. Hiyo ndiyo miezi yangu. Mei maua mekundu ya mpopi yamejaa kwenye ngano. Oktoba mwishoni misitu ya Olot inageuka rangi ya shaba. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 30 mara kwa mara na pwani inajaa watalii hadi kitanda kinakuwa shida. Usijidanganye kwamba sisi ni watu wa joto. Nilijidanganya hivyo mwaka wa kwanza. Nilianza safari saa sita mchana mwezi wa Agosti, nikitoka Girona kupanda kwenda Olot, na chupa moja ya maji. Kabla ya Les Planes d'Hostoles nilikuwa nimekaa chini ya mti, kichwa kinagonga, mpaka mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akanipa maji yake. Joto la pwani yetu lina unyevu na upepo. La huku ni kavu, linakukausha bila kukuonyesha jasho.

Kuna pepo mbili za kuzijua kwa majina, kama mvuvi anavyojua kusi na kaskazi. Tramuntana unatoka kaskazini, mkavu, wenye nguvu ya kukusukuma pembeni, hasa kwenye tambarare ya Empordà. Ukitabiriwa mkali, siku ya tatu iahirishe au igeuze mwelekeo. Garbí unatoka kusini magharibi, huamka mchana wa joto karibu na bahari. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya jua, nenda asubuhi: saa mbili uwe umekaa kwenye kiti, saa saba uwe mezani unakula.

Hatua ya 3: Karatasi na usafiri

Anayetoka Afrika Mashariki kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen. Viza ya matembezi inaruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na utadaiwa bima ya safari inayofunika matibabu ya angalau yuro 30,000. Unapokata bima, hakikisha haikatai ajali za baiskeli. Soma maandishi madogo, kwa sababu zipo zinazoita baiskeli "mchezo wa hatari."

Kutoka Barcelona, treni ya kasi inafika Girona kwa muda wa dakika arobaini hivi, lakini baiskeli nzima haipandi humo. Lazima iwe imefungashwa. Treni za kawaida za mkoa ni za polepole zaidi na zinapokea baiskeli bila malipo mradi kuna nafasi. Epuka saa za watu kwenda na kurudi kazini.

Ushauri wangu: usisafirishe baiskeli, kodi Girona. Mji huo umekuwa makazi ya waendesha baiskeli wa kulipwa kutoka nchi nyingi, na maduka ya baiskeli yamejaa. Weka nafasi mapema wakati wa Pasaka na Septemba.

Kutoka Girona hadi Olot hakuna treni tena, kuna basi, safari ya zaidi ya saa moja. Uliza siku moja kabla kama basi unalotaka linabeba baiskeli na ngapi, kwa sababu nafasi kwenye buti ni chache na anayetangulia ndiye anayepata. Wapo pia wenye magari wanaobeba wasafiri na baiskeli zao hadi Olot kwa malipo. Mkiwa wanne, bei inakuwa nafuu.

Hatua ya 4: Baiskeli na upepo wa tairi

Omba baiskeli ya changarawe. Ni ile yenye usukani uliopinda kama ya mashindano, lakini tairi zake ni pana na zina meno madogo, na gia zake ni nyepesi kwa kupanda. Tairi ya milimita 38 hadi 42 inatosha kabisa kwa njia hii. Kama usukani uliopinda unakutia hofu, chukua baiskeli ya mlimani au ya kawaida yenye tairi pana. Njia ni laini, haitakusuta.

Kabla hujatoka dukani fanya mambo haya, na usione haya kumchelewesha fundi.

Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikunja goti, kiti ni kifupi, na kilomita ya thelathini goti litakuambia.

Kamata breki ya mbele na uisukume baiskeli. Kamata ya nyuma, fanya vivyo hivyo. Uliza breki ya mkono wa kulia inakamata gurudumu lipi, kwa sababu desturi inatofautiana kati ya nchi na nchi, na si jambo la kuligundua mteremkoni.

Upepo sasa. Sisi tumezoea kujaza hadi tairi liwe gumu kama jiwe, na kwa baiskeli ya kubebea mkaa ni sawa. Kwenye changarawe tairi gumu linadunda, linateleza, linakuchosha mikono. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi ya milimita 40 yenye tyubu, anza na psi 38 hivi (psi ni kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye pampu). Kama ni tairi lisilo na tyubu, lenye maji ya kuziba pancha ndani, shuka hadi 30 au karibu yake. Mzito aongeze kidogo, mwepesi apunguze. Ukibonyeza kwa kidole gumba liitikie kidogo, lakini ukipita juu ya jiwe usisikie rimu ikigonga.

Kisha hesabu vifaa: tyubu mbili za akiba zenye saizi ya tairi lako, visu vya plastiki vya kutolea tairi, pampu, viraka, na spana ndogo za kukunja zenye pembe sita. Usikubali kuambiwa "vipo kwenye kimfuko" bila kukifungua. Duka moja lilinipa kimfuko kizuri kilichofungwa vizuri, na nilipopata pancha nje ya Amer, ndani mlikuwa na tyubu bila pampu. Nilitembea kilomita nne nikisukuma.

Hatua ya 5: Mavazi na mzigo

Helmeti. Sheria ya Uhispania inaidai kwa mwendesha baiskeli barabarani nje ya miji, na kwa aliye chini ya miaka 16 kila mahali. Vaa tu, hata kwenye njia ya kijani. Nimeona mtu akiangushwa na mbwa aliyekata kamba.

Kaptula yenye sponji ni hela iliyotumika vizuri, na huvaliwa bila chupi ndani. Mshono wa chupi ndio unaochubua. Ukitaka stara, vaa suruali nyepesi au kaptula pana juu yake. Dada anayevaa hijabu atafute ile nyembamba ya michezo inayokaa chini ya helmeti bila pini, na mguu wa suruali upande wa mnyororo aukaze kwa mpira. Nguo pana na mnyororo ni maadui wa zamani, wanawake wa Pemba na Lamu hawahitaji kuambiwa.

Mzigo wote usizidi kilo tano: nguo moja ya kulalia na kutokea jioni, koti jepesi la upepo, dawa zako, chaja, kufuli. Maji chupa mbili. Kwenye bomba la kijijini soma kibao: "potable" maana yake yanywewa, "no potable" usiyanywe.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, Olot hadi Girona, kilomita 54

Watu wengi huanzia Girona kwa sababu ndiko waliko. Anzia Olot. Mji huo uko mita 440 hivi juu ya usawa wa bahari, Girona iko mita 70 tu, na hesabu hiyo inafanya kazi nusu ya mguu wako.

Ukilala Olot usiku uliotangulia, panda kwa miguu volkano ya Montsacopa, iliyomo ndani ya mji kabisa. Utatembea ukingoni mwa shimo lake, na chini yako kumeota majani. Eneo hili la Garrotxa lina vilima vya volkano kama arobaini, na limekuwa hifadhi tangu mwaka 1982. Mwenye siku ya ziada aende kwa miguu Fageda d'en Jordà, msitu uliootea juu ya lava iliyoganda. Ndani yake kuna baridi na ukimya hata mchana wa Juni. Mimi nimeurudia mara tatu.

Kutoka Olot unapita Les Preses kwenye bonde la mashamba, halafu njia inapanda taratibu hadi Coll d'en Bas, mita 620 hivi. Huu ndio mpando pekee wa maana kwa siku nzima. Weka gia nyepesi mapema, usisubiri mguu ulalamike. Pumzi ikikosa maneno, punguza mwendo. Kipimo changu ni kuweza kumwambia mwenzangu sentensi nzima.

Kutoka hapo ni mteremko, na hapa ndipo wageni huanguka. Njia inaposhuka kuelekea Sant Feliu de Pallerols na Les Planes d'Hostoles, miti inafunika, kuna kivuli na jua vikipishana, majani yaliyolowa, kona usizoziona mwisho wake. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Uzito wako urudishe nyuma kidogo, viwiko vilegee, vidole viwili vibaki kwenye breki. Ukikamata breki ya mbele kwa nguvu ukiwa umepinda kwenye changarawe, gurudumu litaondoka chini yako.

Kwenye kila makutano na barabara ya lami utakuta nguzo au vizuizi vya kuzuia magari yasiingie. Pita katikati polepole. Mkiwa kwenye msafara, wa mbele aite "nguzo!" kwa sauti, kwa sababu wa nyuma anaona mgongo wa mwenzake tu. Halafu simama, shusha mguu, tazama pande zote mbili. Kumbuka hapa magari yanapita kulia. Mtu wa Dar au Mombasa hutazama upande usiofaa kwanza, na baada ya saa nzima ya amani lile sikio la nyuma limeshalala usingizi mzito. Liamshe kwenye makutano.

Amer ndipo pa kula. Kuna uwanja mpana wenye nguzo na mapaa ya upinde pembeni, na unafika ukiwa umepita nusu. Jikoni hufunguliwa kati ya saa saba na saa tisa na nusu mchana; ukichelewa utapata kahawa na mkate tu. Siku za kazi ulizia "menú del dia": chakula cha hatua mbili, kitindamlo na kinywaji kwa bei moja, na ndicho chakula cha thamani kuliko vyote. Usiyetaka nguruwe, jihadhari: botifarra ni soseji ya nguruwe, na maharage meupe ya Santa Pau, ambayo ni matamu kweli, mara nyingi hupikwa nayo. Sema "sense porc", bila nguruwe. Salama zaidi ni escalivada, yaani biringanya na pilipili hoho zilizochomwa, au truita ya viazi ambayo ni chipsi mayai iliyonyooshwa adabu. Mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni upo kila mahali.

Baada ya Amer bonde linafunguka, unakutana na mto Ter karibu na El Pasteral, unapita Anglès na Bescanó, na njia inakuwa tambarare. Hapa upepo wa mchana unaweza kukupiga usoni. Pokezaneni kukaa mbele.

Mlango wa Girona ni Salt, mji wa mashamba ya mbogamboga kando ya mto na wahamiaji wengi kutoka Moroko, Gambia na Senegali. Utaona bucha za halali, vitambaa vya rangi, akina mama na watoto mgongoni. Wiki za kwanza nilipohamia huku, nilikuwa nakuja Salt kununua bamia na ndizi za kupika, na bado napita kuwasalimu wauzaji. Ukitaka kupika mwenyewe jioni, nunua hapa kabla hujaingia mjini.

Hatua ya 7: Siku ya pili, Girona hadi baharini, kilomita 39

Siku hii ni nyepesi, kwa hiyo asubuhi tembea mjini kwanza: nyumba za rangi zilizoinamia mto Onyar, ngazi za kanisa kuu, ukuta wa zamani unaotembeleka juu. Saa nne unatosha kuondoka.

Unafuata Onyar kuelekea kusini. Mji wa kwanza ni Quart, mji wa wafinyanzi, maarufu kwa vyungu vyeusi. Weusi huo hautoki kwenye rangi: wakati wa kuchoma, tanuri huzibwa na moshi ukaingia kwenye udongo. Mwenye bibi aliyefinyanga ataelewa papo hapo.

Kisha Cassà de la Selva na Llagostera. Njia inapanda, lakini kwa upole ambao hutaujua mpaka utakapogeuka kutazama nyuma. Hapa tazama miti. Mialoni mingi ina shina lililovuliwa gome, jekundu kama udongo wa Makambako, na juu yake gome nene la kijivu limebaki. Ndilo linalotengeneza vizibo vya chupa. Mti haukatwi, unavuliwa kwa shoka kila baada ya miaka kama kumi na miwili au zaidi, kisha unaachwa uote gome jipya. Miji yote hii ilijengwa na gome hilo, na ile treni ilikuwepo kwa ajili yake.

Baada ya Llagostera ni mteremko mrefu laini kuelekea Santa Cristina d'Aro, kati ya misonobari na mashamba. Kama una mtoto, mwachie atangulie hapa, mahali panapoonekana mbali. Yule wa miaka kumi na mmoja niliyekuwa naye aliachia pedali, akaacha baiskeli ijiendeshe, akaimba. Mama yake alikuwa nyuma yangu. Kwao Nakuru hajawahi kumruhusu mtoto kuvuka hata barabara ya mbele ya nyumba na baiskeli.

Salimia watu. "Bon dia" asubuhi, "bona tarda" mchana. Piga kengele ukiwa mbali, punguza mwendo, pita kushoto, shukuru kwa "gràcies." Njia ni ya waenda kwa miguu kabla ya kuwa yako, na wazee wa vijijini wanaitembea kila siku.

Sant Feliu de Guíxols inakupokea ghafla, nyumba halafu bandari. Oga baharini. Maji ni ya baridi kuliko ya Bahari ya Hindi, hata Septemba, na chumvi yake ni kali zaidi.

Onyo moja hapa: ufukoni kuna njia nzuri za miguu zinazozunguka miamba, ziitwazo camí de ronda, zilizotumiwa zamani na walinzi wa kuwinda wafanya magendo. Usiingize baiskeli. Ni nyembamba, zina ngazi, na sehemu nyingi haziruhusu. Zitembee jioni, baiskeli ikiwa imefungwa hotelini.

Hatua ya 8: Siku ya tatu, vijiji vya Baix Empordà, kilomita 50 hadi 60

Kipande kibaya ndicho cha kwanza: Sant Feliu hadi Palamós kupitia Platja d'Aro, kilomita 13 hivi. Kuna njia za baiskeli za vipande vipande, lakini kuna magari, na katika kiangazi ni mengi. Ondoka saa moja asubuhi, nyoosheni mstari mmoja, vaeni rangi inayoonekana. Sheria inamtaka dereva akupite akiacha mita moja na nusu, na wengi wanaiheshimu. Mwenye watoto wadogo aruke siku hii na arudi Girona kwa njia ya jana.

Palamós unaingia kwenye reli nyingine iliyokufa, ya Tren Petit, treni ndogo iliyofunguliwa mwaka 1887 na kufungwa 1956. Sasa ni njia ya changarawe kwenda Palafrugell. Karibu nayo kuna ufuko wa Castell, ambao hauna jengo la kitalii hata moja, kwa sababu mwaka 1994 wakazi wa Palamós walipiga kura kukataa usijengwe. Chepuka ukauone. Ukitoka kwetu, ambako fukwe zinafungwa uzio moja baada ya nyingine, utakaa hapo zaidi ya ulivyopanga.

Kutoka Palafrugell fuata njia za mashamba kuelekea Pals na mashamba yake ya mpunga, kisha Peratallada, kijiji kilichochimbiwa handaki la ulinzi ndani ya mwamba, kisha Ullastret, penye magofu ya mji wa Waiberi waliokuwepo kabla ya Warumi. Vibao vya njia za baiskeli vipo, lakini njia panda ni nyingi. Pakua ramani kwenye simu usiku uliotangulia, isitegemee intaneti. Baada ya mvua tope la mpunga hushika matairi kama ugali, basi zunguka kwa lami za vijijini.

Malizia Flaçà, penye stesheni ya treni ya mkoa inayokurudisha Girona kwa dakika kumi na tano hivi. Angalia ratiba kabla, hasa Jumapili, siku ambayo pia maduka mengi hufungwa. Dharura yoyote njiani, namba ni 112, na unaweza kupiga hata bila salio.

Stesheni ya Girona, shuka na uisukume baiskeli mpaka nje. Pale kuna teksi, mabasi na mzunguko wa barabara wenye haraka, na wewe umetoka kwenye siku tatu za ukimya. Kaa kwanza dakika tano, kunywa maji, ndipo upande kwenda dukani kuirudisha.